Kujua cha Kuogopa: Mbung'o, Wanyama na Watu wa Bonde la Lambwe

Kila kiangazi, nyasi zinapokauka juu ya vilima vya Gwasi na vijito vinapoanza kukatika, mchungaji wa ng'ombe katika nchi ya Lambwe huwa na shauri zito la kukata. Mbele yake limetandaa bonde pana lenye majani na kivuli. Akiwashusha ng'ombe wake huko, watashiba siku hiyo. Lakini huko ndiko makao ya mbung'o, mdudu ambaye Wajaluo humwita maugo. Yawezekana baada ya majuma machache ng'ombe hao wakapatwa na homa, wakakonda ingawa wanakula, manyoya yao yakasimama, na mwisho wakafa kwa ugonjwa wa nagana. Akikataa kuwashusha, watadhoofika kwa njaa mbele ya macho yake.

Shauri la mchungaji huyo ni shauri la kila kiumbe chenye uhai. Kila kiumbe hutafuta chakula, na papo hapo hujaribu kuyakwepa maradhi, na mara nyingi chakula na maradhi hukaa mahali pamoja. Wanyama wa porini wana njia zao za kujikinga, ambazo wengi wao wamezaliwa nazo. Binadamu naye anazo zake, ila yeye hana budi kujifunza kwanza ni kitu gani hasa kinachofaa kuogopwa. Habari za Bonde la Lambwe katika Kaunti ya Homa Bay, na za mito ya Kuja na Migori iliyo kusini yake, zaonyesha jinsi mafunzo hayo yalivyokuwa marefu na ya gharama.

ADUI MWENYEWE

Mbung'o ni mdudu wa rangi ya kahawia, mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani. Akitua hukunja mabawa yake moja juu ya jingine, kama makali ya mkasi uliofungwa. Ndiyo alama ya kumtambua. Dume na jike wote hunywa damu. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri jua linapopungua ukali, na hupenda kufuata kitu kinachotembea, kiwe ng'ombe, mtu au motokaa. Akinywa damu ya mnyama mwenye vijidudu viitwavyo tripanosoma, vijidudu hivyo huweza kukua ndani ya mwili wake, na baada ya majuma kadhaa huviingiza katika mwili wa yeyote anayemwuma.

Tripanosoma ni za namna nyingi. Baadhi yake huleta nagana kwa mifugo. Namna nyingine humpata binadamu na kumletea malale. Ugonjwa huu huanza kwa homa na maumivu ya kichwa na ya viungo, hata mtu akadhani ni malaria tu. Baadaye vijidudu huingia katika ubongo. Mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, huchanganyikiwa katika maneno na matendo, na asipotibiwa hufa. Malale ya upande huu wa Afrika ya Mashariki huenda mbio sana, nayo yaweza kumwua mtu katika muda wa miezi michache.

Jambo moja yafaa likumbukwe tangu hapa. Malale hayaambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, wala kwa kula naye sahani moja, wala kwa kulala naye nyumba moja. Anayeyabeba kutoka mwili huu kwenda mwili mwingine ni mbung'o.

WANYAMA NA HILA ZAO

Mtu akitazama kundi la ng'ombe au swala mahali penye mbung'o, ataona kwamba hawatulii hata kidogo. Mkia hupunga, masikio hupigapiga, ngozi ya bega hutetemeka, mguu hugonga chini. Mwendo huo si wa bure. Mbung'o ni mwoga. Akisumbuliwa kabla ya kushiba huondoka akatafute mnyama mtulivu zaidi. Kwa hiyo mnyama asiyetulia huumwa mara chache kuliko yule anayesimama kimya.

Kila mnyama ana hila yake. Swala pala ana meno ya mbele ambayo huyatumia kama kitana kuchana manyoya yake na kuondoa kupe. Na kwa kuwa hawezi kufika shingoni mwake mwenyewe, swala wawili husimama pamoja wakachanana kwa zamu. Nyani nao hukaa kitako wakichambuana manyoya kwa muda mrefu. Watu wengi hudhani huo ni uvivu, lakini wataalamu waliowachunguza nyani wa Amboseli waliona kwamba wale wanaochambuliwa sana na wenzao huwa na kupe wachache. Ng'ombe naye hukataa majani yaliyoota kando ya kinyesi kibichi, hata yakiwa marefu na mazuri kuliko mengine, na kwa njia hiyo hupunguza minyoo anayoimeza. Hata sokwe wa milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, wameonekana wakiwa wagonjwa wakitafuna kiini cha mti mchungu sana, mti ule ule ambao Wajaluo huuita olusia, na ambao wazee wengi wanaufahamu kuwa ni dawa ya tumbo.

Punda milia hana haja ya kutafuna dawa kwa ajili ya mbung'o. Mistari yake humvuruga mdudu huyo. Wataalamu walipojaribu waliona kwamba mbung'o hapendi kutua juu ya kitu chenye milia kama apendavyo kutua juu ya kitu cheusi kitupu.

KURO NA PONGO

Lakini wanyama wawili wa Nyanza hutoa funzo kubwa kuliko wengine wote, nao ni kuro na pongo.

Kuro ni mnyama mkubwa mwenye manyoya marefu, apendaye kukaa karibu na maji. Huishi katika nchi ya mbung'o mchana kutwa. Hata hivyo, wataalamu walipopima damu iliyomo matumboni mwa mbung'o ili kujua wamekula kwa nani, walikuta mara nyingi damu ya ngiri, ya nyati na ya pongo, lakini damu ya kuro ilikuwa adimu. Sababu yake ni harufu. Mwili wa kuro hutoa harufu kali, ambayo hata mtu huinusa akipita karibu, na ndani ya harufu hiyo mna vitu vinavyomchukiza mbung'o. Mdudu humkaribia, kisha hugeuka na kwenda zake.

Pongo ni kinyume chake. Huyu ni mnyama wa kichakani, mwenye haya, ambaye mchana hujificha kimya mahali penye kivuli kizito. Kumbe kivuli hicho hicho ndicho anachopumzikia mbung'o. Pongo amejificha asionwe na chui wala mwindaji, lakini amejipeleka mwenyewe kwa adui asiyemwona. Huumwa sana. Mwaka 1958 madaktari walitangaza kwamba katika damu ya pongo wa Nyanza walipata vijidudu vile vile vinavyoleta malale kwa binadamu. Mwaka 1964 ugonjwa ulipofumuka Alego, katika Nyanza ya Kati, vijidudu hivyo vilipatikana hata katika damu ya ng'ombe wa kufugwa.

Habari hizo ziligeuza mawazo ya wengi. Kumbe malale yaweza kukaa katika damu ya pongo na ya ng'ombe miezi mingi, pasipo mtu hata mmoja kuugua kijijini. Na pongo hakai mbali. Apendapo ni kichaka kilicho karibu na shamba, ambako usiku hutoka kula majani machanga.

WATU WALIPOKIMBIA

Binadamu alipokutana na malale kwa mara ya kwanza katika nchi za Ziwa Victoria, hakuyajua haya. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, huko Uganda, waliona wagonjwa wa ajabu waliokuwa wakisinzia mpaka kufa. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulienea pwani zote za ziwa, pamoja na upande wa Kavirondo, na katika Uganda watu zaidi ya laki mbili walikufa kabla ya mwaka 1920. Hapo mwanzo hapakuwa na aliyejua ugonjwa watoka wapi. Mwaka 1903 Daktari David Bruce na wenzake walithibitisha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi.

Serikali ya Uganda, chini ya Bwana Hesketh Bell, iliamuru watu wahame pwani na visiwa, na wagonjwa wakatengwa katika kambi. Amri hiyo iliwaondoa watu penye mbung'o, na kwa hiyo iliokoa maisha. Lakini ilikuwa na gharama kubwa. Wavuvi walitengwa na samaki wao, mashamba ya ndizi yaligeuka msitu, na makaburi ya wazee yakaachwa. Zaidi ya hayo, kitendo cha kuwatenga wagonjwa kiliwafanya watu wengi wamwogope mgonjwa kuliko mdudu.

Katika Lambwe mambo yalifanana na hayo. Kwa miaka mingi watu walikaa juu, katika milima ya Gwasi na ukingo wa Kaniamwia, wakaliacha bonde lenyewe. Walifanya kama mnyama yeyote mwenye akili angefanya: walikwepa mahali palipokuwa na kifo. Lakini ardhi isiyolimwa haikai tupu. Panapokosekana jembe, moto na ng'ombe, vichaka huota. Palipo vichaka huja pongo, ngiri na nyati. Na walipo hao, mbung'o hustawi. Kukimbia kuliokoa maisha ya watu wa siku zile, lakini kulimwachia mbung'o shamba la kuzaliana.

WATU WALIPORUDI

Baadaye watu walianza kurudi, kwa kuwa ardhi ya juu haikutosha tena. Hapo ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Kando ya mito ya Kuja na Migori alikuwapo mbung'o wa mtoni, apendaye vichaka vya kingo za maji, mahali wanawake wanapoteka maji na watu wanapovuka. Huyu alipigwa vita kwa kukata vichaka, na katika miaka ya 1950 kwa kunyunyiza dawa ya DDT. Tangu siku hizo imefahamika kwamba dawa hiyo hudumu mno katika udongo na katika miili ya samaki na ndege, nayo sasa haitumiki tena ovyo kama zamani.

Mbung'o wa Lambwe ni wa namna nyingine. Hategemei mto, bali hukaa katika vichaka vikavu. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita 120 za mraba hivi. Hapo ndipo mahali pekee katika Kenya ambapo korongo, swala mkubwa mwenye uso wa rangi nyeusi na nyeupe, angali akiishi porini. Kwa hiyo haiwezekani kumaliza mbung'o kwa kuwaua wanyama wote au kwa kufyeka kila mti, kama ilivyofanywa zamani katika nchi nyingine za Afrika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalifumuka tena. Waliopatwa walikuwa watu wa kawaida katika kazi za kawaida: mchungaji, mwenye kukata kuni, mwenye nyumba iliyozungukwa na vichaka vya lantana, ambavyo wengine huvipanda kuwa ua. Mwaka 1981 ndege zilinyunyiza dawa juu ya bonde, na mbung'o karibu wote wakafa. Lakini wale wachache waliosalia walizaana, na baada ya muda wakawa wengi tena. Hapo palipatikana funzo jingine: kazi ya siku moja, hata iwe kubwa namna gani, haishindi adui anayezaa kila siku.

Hata hivyo mbung'o ana udhaifu wake. Mbu hutaga mayai mamia, lakini mbung'o jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Mtoto huyo huingia udongoni, akakaa humo kwa muda wa mwezi hivi kabla ya kutoka akiwa mdudu kamili. Basi wakiuawa wachache kila siku, bila kukosa, uzazi hauwezi kuziba pengo. Hiyo ndiyo sababu ya mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi inayotundikwa porini, pamoja na chupa ya mkojo wa ng'ombe kando yake. Mbung'o huona rangi, hunusa harufu, akadhani ni ng'ombe, akaingia asitoke. Mtego huo ni wa bei ndogo, lakini wahitaji mtu wa kuukagua, kuushona ukichanika, na kuulinda usiibiwe kitambaa.

HARUFU YA KURO SHINGONI MWA NG'OMBE

Wataalamu hawakuishia kwenye mitego. Mwaka 1970 mwanasayansi wa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo, alianzisha kituo cha uchunguzi wa wadudu kiitwacho ICIPE, ambacho kina tawi lake huko Mbita, kando ya ziwa katika Kaunti ya Homa Bay. Wachunguzi wa kituo hicho waliuliza swali ambalo mchungaji yeyote angeweza kuliuliza: ikiwa kuro haumwi kwa sababu ya harufu yake, kwa nini ng'ombe asivishwe harufu hiyo?

Walitenganisha vitu vilivyomo katika harufu ya kuro, wakachagua vile vinavyomfukuza mbung'o, wakavitia katika kichupa kidogo kinachofungwa kwenye ukosi shingoni mwa ng'ombe. Jaribio kubwa lilifanyika Shimba Hills, katika Kaunti ya Kwale, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Ugonjwa katika ng'ombe waliovishwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Hivyo hila ambayo kuro alizaliwa nayo, ng'ombe amepewa kwa elimu.

MAHALI PASIPOKIMBILIKA

Yapo maradhi mengine ambayo watu wa Homa Bay na Migori hawawezi kuyakimbia hata wangetaka. Mvuvi hawezi kulihama ziwa kwa sababu ya kichocho, ugonjwa utokao kwa konokono wa majini. Lakini konokono hapati vijidudu hivyo ila kwa kinyesi au mkojo wa mtu mwenye ugonjwa. Kwa hiyo kinga ni choo, pamoja na dawa ambazo watoto hupewa shuleni, wala si kuyaogopa maji yote. Hali kadhalika mbu wa malaria hukaa kila mahali, lakini huuma hasa usiku. Anayelala ndani ya chandarua chenye dawa amejiepusha naye bila kuhama hata hatua moja. Na tangu mwezi wa Septemba 2019, miaka ya chanjo ya malaria kwa watoto wadogo nayo imeingia katika hesabu, kwani mwezi huo Kenya ilianza kuitoa, na uzinduzi ukafanyika Homa Bay.

Katika mambo yote haya kanuni ni moja. Asiyejua njia ya ugonjwa huogopa kila kitu: huogopa bonde, huogopa ziwa, huogopa jirani yake aliyelala kitandani. Anayeijua njia hiyo huogopa kitu kimoja, naye hukiepuka.

USHINDI NA ZAMU

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeyaondoa malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa humu nchini alipatikana mwaka 2009, na mwaka 2012 walipatikana wageni wawili walioambukizwa huko Maasai Mara. Hiyo ni heshima kubwa kwa waganga, kwa wakaguzi wa mitego, na kwa wananchi waliojitolea damu yao ipimwe.

Lakini kutangazwa kwa ushindi si kufa kwa mbung'o. Vijidudu vyaweza kukaa katika damu ya pongo kama vilivyokaa zamani, na nagana haijawaacha mifugo. Kwa hiyo zamu haijaisha. Mwenye nyumba karibu na mbuga na afyeke vichaka vinavyoizunguka, asifanye ua wa lantana. Aendaye porini na asivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa maana hizo ndizo rangi za mtego. Aonaye mtego umechanika na atoe habari, asiuchukue kitambaa. Ng'ombe anayekonda bila sababu na apimwe damu kabla ya kuuzwa kwa mwingine. Na mtu mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria, ikiwa amepita mahali penye mbung'o, na amweleze mganga hivyo waziwazi, kwa sababu mganga kijana wa leo huenda hajapata kumwona mgonjwa wa malale hata mmoja.

Mchungaji wa Gwasi bado atasimama ukingoni kiangazi kijacho akilitazama bonde. Babu yake alikuwa na njia mbili tu, kushuka au kukimbia. Yeye aweza kuchagua saa ya kuchunga na mahali pa kuchunga, aweza kuwapeleka ng'ombe wake wapigwe sindano ya kinga na kuogeshwa kwa dawa, na aweza kuutunza mtego ulio njiani. Kuro hakufundishwa na mtu. Binadamu hufundishwa, na asiyesahau alichofundishwa ndiye atakayelisha ng'ombe wake kwa amani.